Kuganda Siyo Kukauka

Ndugu msomaji, na wewe mama unayetunza nyumba wakati bwana yuko kazini, ukurasa huu wa usalama na afya umekwisha kuzungumza mara nyingi juu ya kofia, buti na miamba inayoanguka. Leo tunaingia nyumbani. Tunataka kusema juu ya unga mweupe ambao siku hizi unaonekana zaidi na zaidi katika nyumba za Kindu, Kasuku na Mikelenge, na hata ng'ambo ya Lualaba katika Alunguli: ile plasta ya jasi ambayo mafundi hupaka ukutani na kupambia dari. Wengi huiita kwa Kifaransa, plâtre.

Jambo letu ni moja. Plasta ya jasi huganda kwa dakika chache, lakini hukauka kwa siku nyingi. Fundi akigonga ukuta kwa kidole na kusema «imekwisha, ingieni», amesema nusu tu ya kweli. Nusu ya pili ni maji yaliyobaki ndani ya ukuta. Maji hayo yasipopewa siku zake, yatajilipa yenyewe kwa rangi yako, kwa fedha yako, na wakati mwingine kwa kifua cha mtoto wako. Kwa hiyo tunasema wazi: siku za kukauka ni siku za kazi. Zihesabiwe katika mapatano na fundi, zihesabiwe na mkuu wa ujenzi wa kambi, na mtu asione aibu kuzidai.

JASI NI NINI?

Sisi wa Maniema tunajua mawe. Tunachimba kasiteriti, wolframu, koltani na dhahabu. Jasi ni jiwe la namna nyingine, laini sana, hata ukucha huweza kulikwaruza. Huchimbwa Makanya katika wilaya ya Same huko Tanzania, huchimbwa Kajiado nchini Kenya, na Oman ni mojawapo ya nchi zinazouza jasi nyingi duniani. Kwetu Kindu inafika imekwisha kuwa unga katika mfuko, na kila mfuko umelipiwa safari ndefu.

Jiwe hili lina siri moja: limefunga maji ndani yake. Katika kilo 100 za jasi, karibu kilo 21 ni maji. Huwezi kuyaona wala kuyakamua, lakini yamo. Kiwandani jiwe husagwa na kupashwa moto kiasi cha nyuzi 120 hadi 180, na hapo robo tatu za maji hayo hutoka. Unaobaki ni unga mkavu wenye kiu. Ndiyo plasta.

Ukiurudishia maji, unga huu huyanywa, hujenga upya vipande vyake vidogo kama sindano, na sindano hizo hushikana zenyewe kwa zenyewe. Hivyo ndivyo plasta inavyoganda. Angalia vizuri: inaganda kwa sababu imekunywa maji, wala siyo kwa sababu imeyapoteza. Hapa ndipo watu wengi wanapokosea.

HESABU YA NDOO MBILI

Sasa tufanye hesabu kidogo. Mifuko minne ya kilo 25 ni kilo 100 za unga. Ili kilo hizo 100 zigande, zinahitaji maji kama lita 19 tu. Lakini unga uliotiwa lita 19 hauwezi kupakwa, ni mgumu mno. Kwa hiyo fundi hutia lita 60, hata 70, ili upate ulaini wa kufuata mwiko. Toa 19 katika 60, zinabaki zaidi ya 40. Lita hizo 40 ni ndoo mbili kubwa za maji. Hazikunywewa na plasta. Zimejificha ukutani, na njia yao ya kutoka ni moja tu, hewani.

Mafundi husema kwamba, hewa ikiwa nzuri, plasta hukauka kiasi cha milimita moja kwa siku. Basi ukuta wenye plasta ya milimita 15 unahitaji wiki mbili, hewa ikiwa nzuri. Lakini hewa ya Kindu mara nyingi imekwisha kushiba maji yenyewe. Tuko karibu na ikweta, msitu uko karibu, na mto uko mlangoni. Katika miezi ya mvua nyingi ukuta huweza kuchukua muda mrefu kuliko hapo. Anayeweza kungoja afadhali apige plasta yake katika Juni na Julai, mvua inapopungua.

Tena kuna jambo linalowachanganya hata mafundi wenye uzoefu. Wengi walijifunza kazi kwa udongo na kwa saruji. Ukuta wa udongo hukauka tu, basi. Saruji nayo hupenda kunyweshwa, na fundi mwema huimwagilia maji siku kadhaa ili ipate nguvu. Jasi haifuati huyo wala huyo. Huganda upesi, kisha inataka kuachwa ikauke. Fundi anayemwagilia ukuta wa jasi kama ukuta wa saruji anaongeza ndoo ya tatu juu ya zile mbili.

HARAKA INAGHARIMU NINI?

Ukipaka rangi ya mafuta juu ya plasta mbichi, umeufunga mlango wa maji. Maji yatasukuma, rangi itavimba kama malengelenge, kisha itabanduka. Fedha ya rangi imekwenda, na fedha ya kukwangua inafuata.

Hilo ni hasara ya mfuko. Hasara ya afya ni kubwa zaidi. Familia ikilala katika chumba chenye kuta mbichi, milango imefungwa kwa sababu ya mbu, unyevu hubaki ndani. Katika pembe na nyuma ya kabati huota ukungu mweusi. Mtoto mwenye pumu au kifua dhaifu huanza kukohoa usiku. Baba ananunua dawa ya kikohozi, mama anasema ni baridi, na hakuna anayeutazama ukuta.

Halafu kuna hatari iliyo mbaya kuliko zote, na hiyo hutoka katika haraka hiyo hiyo. Mtu anaona ukuta haukauki, anawasha jiko la makaa, analiweka katikati ya chumba, anafunga madirisha ili joto lisitoke. Ndugu, usifanye hivyo kamwe! Makaa yanayowaka katika chumba kilichofungwa hutoa gesi ya monoksidi ya kaboni. Haina rangi, haina harufu. Mtu huumwa kichwa, husikia usingizi, hulala, na huenda asiamke. Sisi watu wa migodi tunaiogopa hewa mbaya chini ya ardhi. Kwa nini tuitengeneze wenyewe chumbani? Tena joto hilo halifai hata kwa ukuta: plasta ikipashwa moto mkali hupoteza tena yale maji iliyoyanywa ili igande, ikawa dhaifu na ya kuvunjika. Dawa ya ukuta mbichi ni upepo. Fungua dirisha na mlango wa pande mbili ili hewa ipite, na ufunge mvua inapokuja.

Utajuaje kwamba umekauka? Ukuta mbichi una rangi nzito na ni baridi ukiugusa kwa nyuma ya mkono. Ukuta mkavu ni mweupe sawasawa. Ukiwa na mashaka, chukua kipande cha plastiki safi, kibandike ukutani pande zote nne, ukiache usiku kucha. Asubuhi ukikuta matone ya maji nyuma yake, ngoja tena.

MIKONO, MACHO NA TUMBO

Plasta inapoganda hutoa joto. Katika safu nyembamba ukutani hulisikii. Lakini katika bonge nene, ndani ya ndoo, joto linaweza kufika nyuzi 60, na hapo ngozi huungua. Mwaka 2007 huko Uingereza, msichana wa miaka 16 alitumbukiza mikono yake shuleni katika ndoo ya plasta ili apate sanamu ya mikono yake. Plasta iliganda ikamshika, joto likapanda, na alipotolewa alikuwa ameungua vibaya. Alipoteza sehemu kubwa ya vidole vyake. Watoto wetu hupenda kuchezea udongo. Wakikuta ndoo ya fundi watafikiri ni udongo. Ndoo ya plasta isiachwe peke yake hata dakika tano.

Vumbi la jasi si baya kama lile la mawe ya kwatsi tunaloliogopa mgodini, lile linaloharibu mapafu pole pole hata mtu akashindwa kupumua. Lakini lisidharauliwe. Huwasha macho na koo, na katika kusugua dari ile plasta iliyochanganywa na vitu vingine, silika yaweza kuwamo. Vaa kitambaa au barakoa puani, lowesha kabla ya kufagia, na vumbi likiingia jichoni, osha kwa maji safi mengi bila kusugua.

Sasa nasema na wewe mama. Unga wa plasta ni mweupe na laini, na unga wa muhogo vilevile. Usiuache mfuko wa plasta jikoni, wala usiutie katika kopo lililokuwa la chakula, wala usiupime kwa kikombe cha chai. Mtu akimeza plasta, inaweza kugandia tumboni kama inavyoganda katika ndoo, na kuziba njia. Likitokea, usimtapishe. Mpeleke hospitali mara moja na uchukue mfuko, mganga aone jina lake.

MGUU ULIOFUNGWA PLASTA

Kuna plasta nyingine ambayo familia nyingi za wachimbaji zinaijua: ile ya hospitali. Mwaka 1851 daktari wa jeshi la Uholanzi, Antonius Mathijsen, alitumia kitambaa kilichopakwa unga wa plasta, akakilowesha na kukizungusha kwenye mfupa uliovunjika. Mpaka leo unga huo huo wa jasi unatumika.

Na sheria yake ni ile ile. Bandeji huganda kwa dakika chache, mgonjwa akasikia joto kidogo, na mguu ukawa mgumu. Lakini plasta haijakauka. Inahitaji siku moja mpaka tatu, kwa unene wake na kwa hewa ilivyo. Mtu akiukanyagia mguu huo jioni ile ile kwa sababu «umekwisha kuwa mgumu», plasta hupasuka au kubonyea ndani, na mfupa unakaa vibaya. Kisha anamlaumu mganga. Ndugu uliyeumia, ngoja mpaka mganga akuruhusu kukanyaga. Usiukaushe mguu motoni. Usiufunike kwa plastiki wakati unakauka. Na vidole vya mguu vikivimba sana, vikawa vya baridi au vya bluu, au ukiwa huvisikii, rudi hospitali saa ile ile, hata kama ni usiku.

MAHALI PAKE NA MAHALI PASIPO PAKE

Jasi ina faida kubwa dhidi ya moto. Ule moto ukifika kwenye dari ya jasi, kwanza hukutana na maji yaliyofungwa ndani yake, zile kilo 21 katika kila 100. Mpaka maji hayo yamalize kuchemka na kutoka, joto upande wa pili hupanda pole pole, na watu hupata nafasi ya kutoka nje. Kwa nyumba zenye jiko la makaa hilo si jambo dogo.

Lakini jasi haipendi mvua. Lita moja ya maji huyeyusha jasi kiasi cha gramu mbili. Ni kidogo, lakini mvua ya Maniema haihesabiwi kwa lita. Usiipake nje ya nyumba, wala chini ya ukuta unaofyonza maji ya ardhi, wala katika chumba cha kuogea. Huko tumia saruji au chokaa. Usichanganye plasta ya jasi na saruji katika karai moja: kiwandani huweka jasi kidogo sana katika saruji, kwa kipimo, ili saruji isigande mara moja, lakini fundi akizichanganya kwa sepetu, mchanganyiko huvimba baadaye na kupasuka. Na misumari ya dari iwe ya mabati, kwa maana jasi yenye unyevu hula chuma.

Wakati wa kuchanganya, tia unga katika maji, usitie maji juu ya unga. Ndoo iwe safi, kwa sababu mabaki ya jana huharakisha kuganda kwa leo. Na plasta ikianza kuganda, usiiongezee maji ili kuiokoa. Itakuwa laini, ndiyo, lakini haitashika tena.

NA SHAMBANI JE?

Wako wanaosema sokoni kwamba unga huu mweupe ni mbolea, kwamba ni sawa na chokaa. Hapa pana kweli na pana udanganyifu, na mtu mwenye shamba dogo hana fedha ya kudanganyiwa.

Ule wepesi wa kuyeyuka katika maji, unaoharibu ukuta wa nje, ndio unaosaidia shambani. Mvua huyeyusha jasi na kuipeleka kwenye mizizi, na jasi ina kalsiamu na salfa. Zao linalofurahi kwanza ni karanga. Ganda la karanga hunyonya kalsiamu moja kwa moja kutoka katika udongo linamokua, na ikikosekana, mama huvuna maganda matupu. Kwa kiwanja cha mita 10 kwa 10, kilo 2 mpaka 4 za jasi iliyosagwa, zikinyunyizwa wakati wa maua, zatosha.

Lakini jasi si chokaa. Udongo wetu wa msituni ni mchungu kwa asidi, na jasi haiondoi asidi hiyo. Chokaa huiondoa, na majivu ya jikoni huipunguza vilevile, tena hayauzwi. Kwa hiyo tunashauri hivi: anza na majivu na takataka za mimea iliyooza. Usinunue mfuko wa plasta wa ujenzi kwa ajili ya shamba, ni ghali. Bali mabaki ya plasta safi, yasiyo na rangi wala saruji, yaponde na uyapeleke kwenye karanga.

Mabaki hayo usiyatupe katika choo cha shimo wala katika shimo la takataka zenye maji. Pasipo hewa, vijidudu huigeuza salfa yake kuwa gesi yenye harufu ya mayai yaliyooza. Ikiwa nyingi hunyima pua nguvu ya kunusa, kisha humwangusha mtu anayeingia shimoni. Mchimbaji hahitaji kuelezwa zaidi.

MTU ATASEMA

Mtu atasema: «Maneno mazuri, lakini ninalipa kodi ya nyumba mbili. Siwezi kungoja wiki tatu.» Tunamwelewa. Fedha ya mfanyakazi haina mikono miwili. Basi asipige plasta nyumba nzima kwa siku moja. Aanze na chumba cha watoto, akiache kikauke huku familia ikikaa kwingine, kisha aendelee na kingine. Au apake safu nyembamba, maana safu nyembamba hukauka upesi. Au aache ukuta bila rangi mpaka ukauke. Ukuta mweupe usio na rangi si aibu.

Na wakuu wa ujenzi nao tunawaambia kwa heshima: nyumba ya kambi haimaliziki siku fundi anapofunga mfuko wake wa vyombo. Inamalizika siku ukuta umekauka. Kuandika tarehe ya kuhamia bila kuhesabu siku hizo ni kuhamisha kazi ya upepo kwenye mapafu ya watoto.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, kabla hujamlipa fundi fungu la mwisho, kubalianeni mambo matatu: unene wa plasta, siku za kukauka, na nani atafungua madirisha kila asubuhi. Hilo la tatu halina gharama. Mpe mtoto mkubwa wa nyumba kazi hiyo, naye ataifanya kwa furaha.